Kinundu cha Unyayoni: Historia ya Saratani ya Tezi za Jasho, kutoka Kampala hadi Kibabii

Ukisimama Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma katika barabara iendayo Chwele, unauona Mlima Elgon upande wa kaskazini, na nyuma ya mlima huo ni Uganda. Wabukusu wa huku na Wamasaba wa Mbale ni ndugu wa damu na wa tohara. Mpaka walichorewa na Waingereza. Reli iliyotoka pwani ilipanda Nakuru na Eldoret, ikapita Turbo, Webuye na Bungoma, ikavuka Malaba na Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Elimu ya tiba nayo ilikuwa upande huohuo wa magharibi. Makerere ilianza kufundisha matabibu mwaka 1924, na kwa karibu miaka arobaini kijana wa Bungoma au Kitale aliyetaka kuwa daktari bila kwenda ng'ambo alipanda treni ya kwenda Uganda.

Ndiyo maana historia ya saratani ya tezi za jasho, hata kwa watu wa Kibabii, haianzii Nairobi. Inaanzia Kampala, kwa kuwa huko ndiko walikokuwako watu waliokuwa tayari kukata kipande cha nyama ya mgonjwa Mwafrika, kukiweka chini ya hadubini, na kuandika kwa uaminifu walichokiona.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Ngozi ya mtu mzima ina tezi za jasho zaidi ya milioni mbili. Jan Evangelista Purkyně, mwanasayansi wa Bohemia, ni miongoni mwa wa kwanza kuzieleza kwa hadubini, mwaka 1833. Mwaka 1922 Mjerumani Paul Schiefferdecker alizigawa katika aina mbili. Aina ya kwanza imetapakaa mwili mzima, kazi yake ni kuupoza mwili, nayo imesongamana zaidi viganjani na nyayoni. Aina ya pili iko kwapani, kinenani na kuzunguka chuchu, na huamka mtu anapobalehe. Kila tezi ni mrija mwembamba: chini ya ngozi umejikunja kama uzi ulioviringwa, kisha unapanda hadi juu na kufungua kitundu cha kutolea jasho.

Saratani inaweza kuanzia sehemu yoyote ya mrija huo, na kwa sababu hiyo hatuzungumzii ugonjwa mmoja. Ni ukoo mzima. Iko porokarsinoma, inayotoka sehemu ya juu ya mrija na kupenda miguu. Iko hidradenokarsinoma, inayoanzia chini zaidi. Iko ile ya vidole vya mikono na miguu. Iko inayojificha karibu na mdomo wa juu, ikitambaa polepole kwa kuifuata mishipa ya fahamu huku ngozi ya juu ikionekana nzima. Iko ya kwapani, ambayo chini ya hadubini hufanana mno na saratani ya matiti. Porokarsinoma ndiyo inayojulikana zaidi katika ukoo huo, na hata hiyo haifiki uvimbe mmoja katika kila uvimbe elfu kumi wa ngozi.

Uchache huo ndio unaouficha ugonjwa. Kinundu kikitokea unyayoni, mwenye nacho husema ni sugu, au chunjua, au funza aliyetolewa vibaya, au mwiba uliobakia ndani. Anakikwangua kwa wembe. Kinakaa miaka. Uvimbe usio na madhara wa mrija wa jasho unaweza kukaa miaka mingi kabla ya kugeuka. Kisha siku moja kinaanza kuvuja damu, kinapanuka, kinachimbika kidonda kisichofunga. Kwa jicho tupu hakuna daktari, hata awe bingwa kiasi gani, anayeweza kuapa kwamba hii ni saratani ya tezi ya jasho. Jina lake hupatikana maabara peke yake. Kwa hiyo historia ya ugonjwa huu ni historia ya maabara, na ya njia inayotoka kijijini kufika maabara.

Mwaka 1897 daktari Mwingereza Albert Cook alifungua Hospitali ya Mengo, Kampala. Cook alikuwa mmisionari, na alikuwa na tabia moja iliyokuja kuwa na thamani kuliko alivyoweza kujua: aliandika. Kila mgonjwa aliyelazwa aliandikiwa, na daftari zikatunzwa. Wakati huo na kwa miaka mingi baadaye, madaktari wa Ulaya walikuwa wakiambiana kwamba saratani ni ugonjwa wa watu wa mijini na wa viwandani, na kwamba Mwafrika wa shamba haupati. Usemi huo ulirudiwa bila mtu kuuhakiki. Hospitali zilikuwa chache, wapimaji wa nyama hawakuwapo, na aliyekufa nyumbani alizikwa bila mtu kuuliza kilichomwua. Wasichokitafuta walisema hakipo.

Aliyeuvunja usemi huo katika Afrika Mashariki alikuwa Jack Davies, profesa wa patholojia Makerere. Mwaka 1951 alianzisha Kampala daftari la kuandikisha wagonjwa wa saratani, mojawapo ya daftari za kwanza barani Afrika na ambalo bado lipo. Kisha yeye na wenzake, akiwemo Raphael Owor aliyekuja kuwa mmoja wa wanapatholojia wakubwa wa Uganda, walirudi kwenye daftari za Mengo. Makala yao, iliyotoka katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1964, ilichambua kumbukumbu za tangu 1897 hadi 1956. Saratani zilikuwapo tangu kurasa za mwanzo. Binafsi naiona kazi hiyo kuwa miongoni mwa kazi bora za historia zilizowahi kufanywa Afrika Mashariki, ingawa waliofanya hawakujiita wanahistoria.

Dunia ilimjua zaidi mtu mwingine wa Kampala, wa Hospitali ya Mulago. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye akamwona mwingine, akaanza kuuliza, akatuma karatasi zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika, na mnamo Oktoba 1961 akaondoka Kampala na marafiki wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, kwa gari kuukuu la Ford. Walisafiri kiasi cha maili elfu kumi hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipita hospitali hadi hospitali kuuliza kama uvimbe huo unajulikana. Safari hiyo ilionyesha kwamba ugonjwa hufuata joto na mvua, na magharibi mwa Kenya, pamoja na nyanda za chini za Bungoma na za Ziwa, mko ndani ya ukanda wake. Mwaka 1964 Tony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakavigundua London virusi vinavyohusika nao.

Namtaja Burkitt ili msomaji aone tofauti. Uvimbe wa taya la mtoto hauwezi kupuuzwa; mama atatembea siku mbili akiwa amembeba. Na ulikuwa mwingi kiasi kwamba mtu mmoja mwenye macho angeweza kukusanya mifano mingi katika muda mfupi. Kinundu cha unyayoni cha mzee wa miaka sitini hakina msukumo huo. Hakuna aliyefunga safari kwa ajili yake. Kilihitaji mfumo usiobagua, unaopokea kila kinachokatwa bila kujali kama kinavutia, na mfumo huo ulijengwa na mtu ambaye wengi hawalijui jina lake.

Michael Hutt alifika Makerere mwaka 1962 kushika kiti cha Davies. Alitambua kwamba hadubini ya Mulago ilikuwa ikiwaona watu wa Kampala tu. Akaanzisha huduma ya bure kwa hospitali zote za Uganda, za serikali na za misheni. Hospitali ilipewa chupa zenye formalini na fomu. Daktari akikata kinundu, anakitumbukiza chupani, anajaza fomu: umri, kabila, kijiji, sehemu ya mwili, muda ambao ugonjwa umekaa. Chupa inatiwa kwenye posta. Baada ya muda barua inarudi na jina la ugonjwa. Hutt na wenzake walizitembelea pia hospitali hizo, wakakaa na madaktari walioko peke yao, wakazungumza nao juu ya wagonjwa waliokwisha kuwaona kwa vipande tu.

Wazo hilo linaonekana dogo, lakini lilitegemea ugunduzi uliokuwa haujatimiza hata miaka mia. Kabla ya 1893 ilikuwa vigumu zaidi kuizuia nyama isioze njiani. Mwaka huo Ferdinand Blum wa Frankfurt aliona kwamba maji yenye formaldehaidi hukaza nyama na kuizuia isioze, hata ngozi ya vidole vyake mwenyewe ilikazika alipokuwa akifanya kazi nayo. Kuanzia hapo kipande chenye ukubwa wa punje ya hindi kiliweza kusafiri wiki nzima katika joto na kufika kikiwa na sura yake. Kule maabara hutolewa maji, huingizwa katika nta ya moto, hugandishwa, na hukatwa kwa kisu maalumu vipande vyembamba vyenye unene wa sehemu chache za elfu ya milimita. Kisha hupakwa rangi mbili, ya zambarau inayotokana na gogo la mti wa Amerika ya Kati na ya waridi. Kiini cha seli kinakuwa zambarau, mwili wake unakuwa waridi, na msomaji wa hadubini anaanza kusoma.

Anasoma nini kwenye saratani ya tezi ya jasho? Anatafuta vijia. Seli za saratani, hata zikiwa zimevurugika, mara nyingi hujaribu kurudia kazi ya mama yao: hujipanga kuzunguka tundu dogo, kana kwamba zingali zinajenga mrija wa jasho. Tundu hilo, wakati mwingine likiwa ndani ya seli moja tu, ndilo linaloitenga saratani hii na saratani ya kawaida ya ngozi. Likikosekana kwenye kipande kilichokatwa kidogo mno, au likipitwa na jicho lililochoka, jibu linaandikwa jina lingine.

Na Afrika Mashariki lilikuwapo jina lingine tayari, tena la haki mara nyingi. Katika nchi zetu saratani nyingi za ngozi hazikuwa usoni kama za Wazungu wanaounguzwa na jua, ukiwaacha ndugu zetu wenye ualbino ambao jua linawatesa vikali. Zilikuwa miguuni. Kidonda ndugu cha utotoni, kilichokaa miaka juu ya muundi, kiligeuka saratani. Saratani nyeusi, yaani melanoma, ilitokea unyayoni. Sarkoma ya Kaposi, iliyoelezwa kwanza Vienna mwaka 1872 kama ugonjwa adimu wa wazee, ilionekana kwa wingi Uganda na Kongo hata ukaitishwa mkutano wa kimataifa juu yake Kampala mwaka 1961. Ongeza matende, ongeza funza, ongeza ule ukungu unaoufanya mguu uvimbe na kutoboka vitundu vinavyotoa chembechembe. Mguu wa mkulima asiyevaa viatu ulikuwa na majina mengi ya kuupa kabla hujafikia tezi za jasho. Daktari wa hospitali ya misheni mwenye foleni ndefu nje alichagua jina lililokuwa karibu, na siwezi kumlaumu.

Mwaka 1973 kilitoka kitabu kilichohaririwa na A. C. Templeton, mwanapatholojia wa Mulago, juu ya uvimbe uliopokelewa kutoka kote Uganda kati ya 1964 na 1968. Chupa za Hutt ndizo zilizokifanya kitabu hicho kiwezekane. Sasa nchi moja ya Kiafrika ilikuwa na hesabu ya uvimbe wake iliyokusanywa kutoka wilaya hadi wilaya. Inastaajabisha ukikumbuka kwamba katika miaka hiyohiyo hata dunia tajiri ilikuwa bado inabishana juu ya majina. Uvimbe usio na madhara wa mrija wa jasho ulielezwa rasmi mwaka 1956, na Hermann Pinkus alikuwa mmoja wa walioueleza. Mwaka 1963 Pinkus huyohuyo na Amir Mehregan wakaieleza saratani yake. Mwaka 1969 Wajapani Mishima na Morioka wakaipa jina lililokaribia linalotumika leo. Ile inayojificha karibu na mdomo haikutengwa kuwa ugonjwa wa peke yake hadi 1982. Kwa hiyo mzee wa Mbale au wa Malakisi aliyekatwa kinundu mwaka 1955 asingepewa jina sahihi hata kama angepelekwa London. Miaka kumi baadaye, mwenzake wa Mbale angeweza kulipata Kampala.

Halafu njia ikafungwa. Hutt aliondoka mwaka 1970. Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali, na katika miaka iliyofuata walimu wa Makerere walikimbia, wengine wakauawa. Kemikali zilikwisha, hadubini zikaharibika, posta ikalegea. Hutt alikwenda London, Hospitali ya St Thomas', na kutoka huko akaendelea kuzipokea chupa kutoka hospitali za nchi maskini na kuzijibu. Katika hospitali hiyohiyo ya St Thomas' baadaye ikawa na makao yake taasisi ya magonjwa ya ngozi ya St John's, na wataalamu wake walikuwa miongoni mwa waliochapisha mwaka 2001 uchambuzi wa wagonjwa 69 wa porokarsinoma, unaotegemewa hadi leo. Humo waliona kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya sita saratani ilirudi palepale ilipokatwa, na karibu mmoja kati ya watano ilifika kwenye tezi za limfu. Ikishafika huko, wengi hufa.

Upande wa Kenya mambo yalikwenda njia yake. Nairobi ilikuwa na Maabara ya Utafiti wa Tiba, ambako Allen Linsell aliendesha daftari la saratani la Kenya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, akitegemea vipande vilivyotumwa kutoka hospitali za wilaya. Mwaka 1957 madaktari wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walianzisha shirika ambalo leo ni Amref, na ndege zao zikaanza kuwapeleka wapasuaji mikoani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari mwaka 1967. Mwaka 1968 Hospitali ya Kenyatta ikapata mashine ya mionzi, na kwa muda mrefu sana ikawa hospitali pekee ya umma nchini yenye tiba hiyo. Mgonjwa wa Bungoma aliyehitaji mionzi alisafiri kiasi cha kilomita mia nne, akapanga foleni na nchi nzima. Hakupata nafuu hata kwa kuangalia upande wa pili wa mpaka: Aprili 2016 mashine pekee ya Mulago iliharibika, na Uganda ikakaa karibu miaka miwili bila mionzi, hata wagonjwa wake wakalazimika kuletwa Nairobi.

Kilichobadilisha mambo kwa watu wa Kibabii ni Eldoret. Hospitali ya pale ilianza mwaka 1917 kama nyumba ndogo ya kuwatibu Waafrika. Chuo Kikuu cha Moi kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, hospitali ikakua pamoja nacho, na mwishoni mwa muongo huo ikawa hospitali ya rufaa ya eneo lote la magharibi. Mwaka 1999 daftari la saratani la Eldoret likaanzishwa chini ya mwanapatholojia Nathan Buziba. Wakati huo ukimwi ulikuwa umeifanya sarkoma ya Kaposi kuwa ugonjwa wa vijana, na vipande vya ngozi vikamiminika maabara kuliko wakati wowote. Ni jambo la kuhuzunisha kulisema, lakini janga hilo ndilo lililowafundisha matabibu wengi wa vituo vya afya kukata kipande cha ngozi badala ya kupaka dawa na kungoja.

Mwaka 1992, kule Moshi, Tanzania, kilifunguliwa kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi kwenye hospitali ya KCMC, chini ya daktari Mjerumani Henning Grossmann. Fikra yake ilikuwa ya watu wanaojua hali halisi: madaktari bingwa wa ngozi hawatatosha kamwe, kwa hiyo wafundishwe maafisa tabibu, wale ambao mgonjwa wa kijijini anawaona kwanza. Wahitimu wake wamerudi nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo. Kama kuna kitu kimoja ninachokitamani kwa kila kaunti, ni afisa tabibu wa aina hiyo aliyefundishwa ngozi na kupewa chupa za kutosha.

Tuje kwenye tiba, maana hapa ndipo jina sahihi linapolipa. Tiba ya kwanza ya ukoo huu wote ni kisu, na kisu cha kwanza ndicho muhimu kuliko vyote vinavyofuata. Kinundu hukatwa pamoja na ukingo wa ngozi nzima kukizunguka, kisha kipande chote kinarudi maabara kuangaliwa kama kingo zake ni safi. Zikiwa na seli za saratani, mgonjwa anarudi mezani. Frederic Mohs wa Wisconsin, Marekani, aliyeanza majaribio yake katika miaka ya 1930 na kuyachapisha 1941, alibuni njia ya kukata tabaka moja baada ya jingine na kuangalia kingo zote papo hapo hadubinini mgonjwa akiwa bado anangoja, hadi isibaki seli mbaya. Kwa saratani zinazotambaa chini ya ngozi nzima, njia hiyo imeokoa nyuso nyingi. Inahitaji daktari, maabara na muda mahali pamoja, na katika hospitali za kaunti zetu vitu hivyo vitatu havikutani kwa urahisi. Unyayoni mara nyingi kinachowezekana ni kukata pana na kubandika ngozi kutoka pajani, au kuondoa kidole.

Tezi za limfu za kinenani au kwapani lazima zipapaswe, na zikiwa zimevimba zipimwe. Mionzi husaidia pale kingo zilipokosa kuwa safi au ugonjwa ulipofika kwenye tezi. Dawa za kemikali zimejaribiwa kwa wagonjwa ambao saratani imesambaa, na matokeo yake yamekuwa hafifu na ya kubahatisha. Ugonjwa ni adimu mno hata majaribio makubwa ya dawa hayajawezekana. Kabla ya yote hayo, daktari anapaswa kuhakikisha kwamba uvimbe wa ngozi haujatoka kwingine, kwa mfano titi, mapafu au utumbo, kwa kuwa chini ya hadubini hufanana. Hapo ndipo zinapohitajika rangi za kingamwili, ambazo hushika protini fulani tu na kuonyesha asili ya seli. Mwaka 2019 watafiti wa Japani wakiongozwa na Shigeki Sekine walionyesha kwamba uvimbe mwingi wa mrija wa jasho, na baadhi ya saratani zake, hubeba jeni iitwayo YAP1 iliyounganika vibaya na jeni nyingine, na sasa ipo rangi inayoweza kulionyesha hilo. Rangi hizo zipo Nairobi. Zipo katika hospitali chache nje yake. Bei yake kwa kawaida humwangukia mgonjwa.

Kisha iko hesabu. Katika toleo la kumi la orodha ya kimataifa ya magonjwa, saratani za ngozi zisizo nyeusi karibu zote zimerundikwa katika namba moja, C44. Ya kidonda ndugu imo humo, ya jua imo humo, na za tezi za jasho zimo humo. Hesabu nyingi za saratani duniani hata haziijumlishi namba hiyo. Mgonjwa wa porokarsinoma kutoka Bungoma anaonekana katika daftari ikiwa tu mwanapatholojia ameandika jina kamili na karani akalinakili kwa namba yake ya pili, ile ya aina ya seli, 8409. Karani akiacha, mtu huyo ameugua bila kuhesabiwa, na mpango wa kaunti utaandikwa kana kwamba hakuwahi kuwapo. Yaleyale ya siku za Cook yanarudi kwa mlango mwingine.

Kibabii ya leo si ya wakati wa mapadre wa Mill Hill waliojenga misheni pale. Tangu Novemba 2015 ina chuo kikuu chenye hati yake. Afya ilikabidhiwa kaunti mwaka 2013. Barabara ya kwenda Eldoret ni ya lami, na simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi inaweza kuipeleka picha ya kinundu kwa daktari wa ngozi kabla ya chai kupoa. Kitu pekee ambacho simu haikibebi ni kipande chenyewe cha nyama. Hicho bado kinahitaji chupa, formalini, fomu iliyojazwa, mtu wa kukisafirisha, na pesa za kulipia kipimo. Hutt aliyaweza hayo kwa posta, bila malipo kwa mgonjwa, zaidi ya miaka sitini iliyopita. Serikali za kaunti za Bungoma na Trans Nzoia haziwezi kusema ni mzigo usiobebeka. Zilipie usafiri na upimaji wa kila kipande kinachokatwa katika vituo vyao, kiwe kikubwa au kidogo, na ziwaambie matabibu wao kwamba nyama ya mgonjwa haitupwi kwenye ndoo.

Na wewe mkata miwa wa Nzoia, mama wa soko la Chwele, mwalimu uliyestaafu Kimilili: ukiona kinundu au kidonda ambacho hakijapona baada ya wiki sita, hasa unyayoni, kidoleni au kwapani, usikikwangue kwa wembe wala usikubali kipakwe dawa mara ya tatu. Kikikatwa, uliza kabla hujashuka kitandani: kipande kinapelekwa maabara gani, na majibu yanarudi lini? Siku hiyo ikifika, rudi ukayachukue. Dai yaandikwe kwenye karatasi, usome jina la ugonjwa na neno juu ya kingo, na uitunze karatasi hiyo pamoja na kitambulisho chako.